Mazoezi ya Kuomba Radhi

Saa nne kasorobo asubuhi Mama Chai alikuwa anapanga vikombe kumi na vinane kwenye trei mbili, orofa ya nne ya wizara, katika kile kijichumba cha jikoni ambacho mlango wake ukifunguka wote friji haifunguki. Chai ya saa nne haikuwa na mzaha. Katibu Mkuu alitaka yake bila sukari. Mwanasheria alitaka vijiko vitatu lakini asitangaziwe mbele za watu, maana aliwaambia wote ana kisukari ili asialikwe kwenye sherehe za ofisi. Wale wa mipango walitaka maziwa mengi kama watoto. Kwa miaka kumi na tisa Mama Chai aliwapelekea chai hiyo na hakuwahi kukosea kikombe.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Mkuu wa Itifaki.

"Mama Chai, hebu shuka ukumbini. Tunahitaji mwathirika."

"Wa saa ngapi?"

"Wa sasa hivi. Dakika arobaini tu. Chai watajimiminia wenyewe."

Hilo la kujimiminia wenyewe halijapata kutokea wizarani, lakini Mama Chai alifuta mikono, akashuka. Hakuuliza ni mwathirika wa nini, kwa sababu jengo zima lilikuwa linajua. Serikali ilikuwa imekata shauri kuomba radhi rasmi kwa ajili ya utumwa. Si ule wa wafanyabiashara na matajiri wa zamani, hao walishasemwa vya kutosha kwenye vitabu vya shule. Huu ulikuwa wa Serikali yenyewe. Enzi hizo Serikali ilikuwa na watu wake. Iliwakamata, ikawaandika kwenye daftari la vifaa kama leo inavyoandika meza na makabati, ikawajengesha barabara, gati, gereza na hili jengo la wizara, orofa zote nne. Halafu siku moja ikaacha. Haikusema neno, iliacha tu, kama mtu anavyoacha sigara. Sasa, baada ya miaka mia na kitu, tarehe kumi na nne ya mwezi uliokuwa unakuja, Mgeni Rasmi angesimama bustanini chini ya hema na kusema samahani. Eti anayeomba radhi ndiye mgeni rasmi, ndivyo kadi zilivyochapwa. Ofisi ya Itifaki ilipewa wiki tatu za mazoezi.

Ukumbini Mama Chai aliketishwa kwenye kiti cha mstari wa mbele kilichobandikwa karatasi MWATHIRIKA. Kazi yake ilielezwa vizuri: ainamishe kichwa kwenye aya ya pili, ainue kwenye aya ya nne, mwisho ashikwe mkono na kupigwa picha, bila kulia sana. Badala ya Mgeni Rasmi alisimama dereva wa gari la wizara, kwa kuwa alikuwa na sauti nzito na kitambi cha cheo kile. Dereva aliisoma hotuba kwa moyo wake wote. Alipofika penye kuomba radhi alimtazama Mama Chai machoni, na Mama Chai, ambaye hakuwa na kinyongo chochote na dereva, alimjibu, "Haya, baba, yamekwisha," akakemewa kwamba mwathirika hana maneno.

Baada ya hotuba likaja daftari. Mhifadhi nyaraka alilikuta nyuma ya makopo ya rangi huko chini, kubwa, jalada la ngozi, kurasa bado nzima. Halikuwa na jina la mtu hata mmoja. Lilikuwa na nambari, sura ya mtu, na kazi anayoiweza. Mkuu wa Itifaki alitaka siku ya shughuli lisomwe lote kwa heshima, na ili ajue heshima hiyo itachukua dakika ngapi akaamua kulisoma mwenyewe, saa mkononi.

"Mwanamume, kijana, mrefu, jicho moja, hodari wa kubeba mizigo."

"Nipo," sauti ikaitika mlangoni.

Wakageuka. Mlangoni alikuwa amesimama kijana mrefu wa jicho moja, gunia kiunoni, miguu mitupu juu ya zulia. Mkuu wa Itifaki alimtazama, kisha akatazama saa yake.

"Umewahi. Shughuli ni tarehe kumi na nne," akamwambia. "Simama pale, usizibe njia."

Kijana akasimama pale. Mkuu wa Itifaki akasoma mstari wa pili, na wa pili naye akaitika. Mhifadhi nyaraka akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hawa watu walizoea kuitwa. Daftari lile lilisomwa kila alfajiri, na asiyeitika alijua mgongo wake utakuwaje jioni. Sasa limesomwa, wameitika, hakuna la ajabu hapo. Waliingia mmoja mmoja, wakapanga mistari ukutani bila kuambiwa. Aliyenung'unika ni mtu wa matengenezo tu, kwamba ukumbi una kibali cha watu mia na hamsini.

"Mwanamke, makamo, kovu la moto mkono wa kushoto, anajua kupika."

"Nipo."

Mama Chai aliinua kichwa, ingawa aya ya nne ilikuwa imeshapita. Mwanamke aliyeingia alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani kama mkono wa kikombe. Mama Chai akatazama chake. Kilikuwa kimepinda hivyohivyo. Mama yake alikuwa nacho, na bibi yake pia, na bibi yake alikuwa akisema kwamba kidole kile ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama mzazi, aliyetoka kwenda kuchota maji asirudi, akamwacha mlangoni na miaka yake mitatu.

Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Zilikwenda dakika arobaini na moja. Mkuu wa Itifaki akasema ni ndefu mno, siku yenyewe itasomwa mistari mitano.

Jioni ile Katibu Mkuu aliitisha kikao kifupi. Swali la kwanza lilikuwa wakae wapi. Mtunza stoo akasema, kwa kuwa wamo kwenye daftari la vifaa na daftari la vifaa ni lake, basi ni wake, akawapokea chini stoo pamoja na viti vya akiba. Swali la pili lilikuwa wale nini, nalo likafa lenyewe ilipoonekana kwamba hawali, hawalali wala hawaulizi msalani ni wapi. Katibu Mkuu alifurahi sana kusikia hivyo.

"Basi wasikae bure," akasema. "Kuna hema la kusimamisha, kuna viti mia tatu, kuna majani ya kufyeka na ukuta wa kupaka rangi. Daftari si linasema kila mmoja anaweza nini?"

Lilisema. Kwa mara ya kwanza tangu iundwe, wizara ilikuwa na orodha ya watumishi inayoeleza kila mtu anajua kufanya nini, na zamu zikapangwa siku hiyohiyo. Mhifadhi nyaraka aliinua mkono akauliza kama jambo hilo halitaleta picha mbaya.

"Picha zitapigwa tarehe kumi na nne," Katibu Mkuu akamjibu. "Kabla ya hapo hakuna picha. Halafu shughuli si ni yao? Mtu hawezi kusaidia kwenye shughuli yake mwenyewe?"

Mhifadhi nyaraka akashusha mkono.

Yule mwanamke mwenye kidole alipangiwa jikoni, orofa ya nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa tayari yupo. Kabla Mama Chai hajavua hata koti, vikombe vilikuwa vimeoshwa, maji yanachemka, na yeye analigusa birika kwa mgongo wa mkono kujua limefika wapi. Mama Chai alifunga mlango. 

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akaitikia bila kugeuka, kisha akageuka, maana ilikuwa siku nyingi hajasalimiwa. "Nani wewe?"

"Mimi ni kitukuu wako." Akamwonyesha kidole.

Bibi alikishika, akakipinda huku na huku kama mtu anayechagua karoti sokoni.

"Ndicho chenyewe," akasema. "Yule niliyemwacha mlangoni. Nilimwambia kaa hapo hapo, narudi sasa hivi."

"Alikaa, Bibi. Baadaye akakua. Alizaa saba. Ila kila nyumba aliyohamia alitaka mlango utazame barabara, na babu alichoka kuhamisha milango."

"Mkaidi huyo tangu tumboni," Bibi akasema, akaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. Alikifuta muda mrefu. Mama Chai alilia mbele ya friji, akajifuta kwa aproni, kisha akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza.

"Keti basi, Bibi."

"Sijaambiwa."

"Si nakuambia mimi?"

"Wewe si wa kuniambia, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. "Katika jengo hili sijawahi kuketi. Nilipika pale chini, pale mnapoweka magari, sufuria tatu kwa watu mia mbili, nimesimama. Aliyeketi aliandikwa viboko."

Mama Chai akaona amweleze. Akamwambia kwamba tarehe kumi na nne ataombwa radhi.

"Na nani?"

"Na Serikali."

"Yule mwenye daftari?"

"Huyohuyo."

Bibi akafikiri. "Ataniambia mimi mwenyewe?"

"Mbele za watu."

"Nitakuwa nimeketi?"

Katika maisha yake yote Mama Chai hakuwahi kumwahidi mtu kitu zaidi ya chai. Lakini aliutazama ule uso mfupi, mtulivu, akasikia maneno yanamtoka.

"Utaketi, Bibi. Wewe utakuwa umeketi, na yeye atakuwa amesimama."

Bibi alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Hilo ningependa kuliona," akasema, akaondoa birika motoni.

Kuanzia hapo Mama Chai hakuwa na jambo jingine kichwani isipokuwa kiti. Alikwenda ofisi ya Itifaki na trei mkononi, akasimama mbele ya ramani iliyokuwa ukutani, viti mia tatu, kila kimoja na pini yake ya rangi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mabalozi na wafadhili wa hema. Wa pili mawaziri na wenzi wao. Wa tatu wenzi wa mabalozi.

"Na waathirika?" akauliza.

"Yupo. Mstari wa kwanza, kiti cha saba." Mkuu wa Itifaki akamwonyesha pini ya kijani. Ilikuwa ya shemeji yake Katibu Mkuu, mwenyekiti wa kamati ya waathirika iliyoundwa Jumanne.

"Lakini wenyewe wapo, bosi. Wapo chini stoo."

"Mama Chai, mtu huwakilishwa asipokuwapo. Tulipopanga viti hawa hawakuwapo. Sasa hivi mwakilishi ameshashona suti. Nimwambie nini?"

Mazoezi yakaendelea kila siku, na kila siku Mama Chai alishuka kuwa mwathirika huku mabibi na mababu wenyewe wakipita nyuma yake na ngazi na makopo ya rangi. Hotuba nayo ilikuwa inapungua uzito. Mwanasheria alikuwa akiichukua jioni na kuirudisha asubuhi. Kwenye mazoezi ya tisa neno "utumwa" lilikuwa limekuwa "utaratibu wa kazi wa zama zile". Kwenye mazoezi ya kumi na mbili "tuliwakamata" ikawa "walijikuta". Kwenye mazoezi ya kumi na nne "tunaomba radhi" ikawa "tunaungana na wote wanaosikitika". Dereva, ambaye alikuwa ameanza kuipenda ile hotuba na kuisoma hata akiwa kwenye foleni ya magari, alilalamika kwamba haina tena mahali pa kuvuta pumzi.

"Tulirithi majengo," mwanasheria akawaeleza huku anakoroga sukari yake ya siri. "Hatukurithi makosa."

Hata hivyo samahani moja ilirudishwa karibu na mwisho, kwa sababu ilikuwa kwenye kadi na kadi zilishachapwa.

Mama Chai alipoona siku zinakwisha alitumia silaha aliyokuwa nayo. Kwa siku nne mfululizo alimpelekea Mkuu wa Itifaki chai ya vuguvugu. Hakumnunia wala hakumjibu vibaya. Alitabasamu kama kawaida, akaweka kikombe, na chai ilikuwa ya vuguvugu. Siku ya tano yule bwana alifungua droo, akatoa kadi.

"Mstari wa tatu, karibu na nguzo," akasema. "Hii nakupa wewe kwa ajili ya mazoezi. Ukimpa mtu mwingine mimi sijaona. Na chai nataka ya moto."

Kadi ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa, ina utepe. Mama Chai aliandika juu yake "Bibi", akaongeza nambari ya kiti kwa mkono ili isije ikabishaniwa. Bibi hakujua kusoma, lakini aliipitisha shavuni, akaiingiza kifuani. Usiku huo wenzake huko stoo walimwomba awaonyeshe, akawaonyesha wote, mia mbili na kumi na mmoja, na hakuna aliyemwonea wivu. Walimwambia asikilize vizuri aje awasimulie.

Tarehe kumi na nne ikafika. Tangu saa kumi na mbili asubuhi walikuwa bustanini. Walisimamisha hema, wakabeba viti mia tatu kutoka stoo, wakavifuta kimoja kimoja, wakatandika zulia jekundu kutoka lango hadi jukwaani. Kazi ilikuwa safi, hakuna asiyesema hivyo. Saa tatu waliamriwa waende nyuma ya ua, wasiharibu picha.

Jikoni, Mama Chai alimvalisha Bibi gauni lake la bluu, lile la harusi za watu. Lilimpwaya kidogo mabegani. Alimchana nywele, akampaka mafuta mikononi mpaka lile kovu likang'aa. Bibi alisimama wima muda wote. Alikuwa na wasiwasi. Aliuliza mara mbili kama ukishaketi mikono unaiweka wapi.

"Juu ya mapaja, Bibi. Hivi."

"Bila kushika kitu?"

"Bila kushika kitu."

Meza ya chai ilikuwa nyuma ya hema, vikombe mia tatu, na Mama Chai hakuruhusiwa kutoka hapo. Lakini kutoka hapo aliweza kuona nguzo, na karibu na nguzo kiti kitupu kimebandikwa IMEHIFADHIWA. Alikitazama kiti kile kama mtu anavyotazama maziwa yasifurike.

Langoni mlinzi aliichukua kadi ya Bibi, akaikagua mbele na nyuma, akaomba kitambulisho. Bibi hakuwa nacho. Mlinzi alikuwa kijana wa adabu, akamwita mama, akapiga simu ofisini kuuliza mwenye kadi ameandikwa wapi. Wakatafuta kote. Karatasi pekee ya Serikali iliyomtambua ilikuwa daftari, na daftari lilisema ni kifaa cha stoo. Vifaa vya stoo havipiti kwenye zulia, vina lango lao la nyuma. Mlinzi alimwelekeza vizuri kabisa, akamrudishia kadi yake.

Huko lango la nyuma, kati ya makreti ya maji, Mkuu wa Itifaki alikuwa anazunguka jasho linamtiririka. Aliyepangwa kumhudumia Mgeni Rasmi alikuwa hajafika. Akamwona mwanamke wa makamo, nadhifu, gauni la bluu. Akamtia jagi mkononi.

"Wewe, jukwaani. Simama nyuma ya Mgeni Rasmi. Glasi yake isikauke."

Bibi akalishika jagi. Alikuwa ameambiwa.

Mama Chai alimwona anapanda jukwaani. Mwanzoni alidhani wamempa heshima zaidi, kisha akaliona jagi. Aliacha meza, akamfuata Mkuu wa Itifaki, akamshika shati. Wimbo wa taifa ukaanza, na yule bwana akaweka kidole mdomoni, akasimama wima. Mama Chai naye ikabidi asimame wima. Wimbo ulipokwisha, mke wa balozi mmoja kwenye mstari wa tatu aligeuka huku na huku, akaona kiti kitupu kando yake, akaweka hapo mkoba wake. Ulikuwa mkoba mzuri, wa ngozi, wenye makalio mapana. Ulikaa wima, umeelekea jukwaani, na ulisikiliza shughuli yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Upepo ukavuma kidogo na hema likaanza kuyumba. Mtunza stoo akawaita wenye nguvu kutoka nyuma ya ua, wakashika nguzo na kamba pande zote nne, yule kijana wa jicho moja akashika nguzo ya kati. Mistari mitano ikasomwa. Wote watano waliitika nipo wakiwa wameshika kamba. Shemeji wa Katibu Mkuu alilia kwenye aya ya pili, mapema kuliko ilivyopangwa, na wapiga picha wakamkimbilia.

Mgeni Rasmi alisoma polepole. Alisoma vibaya kuliko dereva, tuseme ukweli. Alipokaribia mwisho, penye ile samahani moja iliyobakizwa, koo lilimkauka, akanyoosha glasi nyuma bila kutazama. Bibi akamimina. Kipaza sauti kilikuwa karibu na maji kuliko na mdomo, kwa hiyo watu mia tatu walisikia maji yakiingia kwenye glasi, kisha mtu akimeza, kisha mwisho wa neno. Wakapiga makofi. Mgeni Rasmi alirudisha glasi mezani, akasema pembeni, "Asante, mama." Hayo ndiyo pekee aliyomwambia.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba walioitwa kutoka daftarini waliisikiliza radhi kwa utulivu mkubwa, bila makofi wala kelele, ishara kwamba wamesamehe. Walikuwa wameshika hema.

Pale nyuma ya hema hasira ilimpanda Mama Chai. Alitamani kuipindua ile meza. Hakuipindua. Vikombe vyote mia tatu vilikuwa vimetoka kwa saini yake, na wageni walikuwa wameshaanza kupanga foleni ya chai.

Saa tisa alasiri alishuka stoo. Walikuwa wanarudisha viti, na mtunza stoo alikuwa mlangoni na daftari, anavihesabu vikiingia. Mama Chai alisubiri hadi cha mia tatu.

"Nataka umfute mtu mmoja hapo," akasema. "Yule mama wa jikoni."

Mtunza stoo hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akaketi naye, akatafuta fomu kwenye kabati mpaka akaipata.

"Kufuta kupo," akasema. "Ila kifaa hufutwa kwa sababu. Sababu ni nne. Kimechakaa, kimevunjika, kimepotea, kimeibiwa."

"Amekufa. Andika amekufa."

"Hiyo ingeingia kwenye kuchakaa. Lakini, mama, wiki tatu hizi anafika saa kumi na mbili na nusu, hajachelewa siku hata moja. Nikiandika amechakaa, mkaguzi atanicheka."

"Si wameomba radhi leo? Maana yake nini sasa?"

Mtunza stoo alitoa mfukoni nakala ya hotuba. Alikuwa ameiomba kwa ajili ya swali hilohilo. Aliipitia tena mbele yake, mstari kwa mstari, kwa ncha ya kalamu.

"Nimeisoma mara mbili," akasema, na kweli alisikitika. "Hakuna panaposema waachiwe."

Viti vilikuwa vinagongana huko ndani, vinapangwa juu kwa juu.

"Basi andika ameibiwa," akasema. "Alitoka nyumbani kwake na mtungi, akaenda kisimani, akaibiwa. Bibi yangu alikuwa mlangoni, aliona anavyoondoka. Andika hivyo."

Mtunza stoo aliinua kalamu, akaigusisha karatasi. Kisha akaiondoa.

"Hii ni ya kuibiwa kutoka kwetu, mama," akasema. "Si ya kuibiwa na sisi."

"Hiyo nyingine iko wapi?"

"Haijawahi kuchapwa."

Akarudisha fomu kabatini. Akaandika daftarini kwamba viti mia tatu vimerudi na watu mia mbili na kumi na wawili wamerudi, akapiga mhuri. Juu ya meza yake palikuwa na waraka wa Katibu Mkuu, wino bado mbichi, unaosema kwamba waliopo wabaki mpaka watakapoarifiwa vinginevyo, hasa ikizingatiwa kwamba mwakani kuna shughuli nyingine ya kuomba radhi, ya ardhi.

Mama Chai alipanda ngazi hadi orofa ya nne. Bibi alikuwa kwenye sinki, mikono ya gauni la bluu ameikunja juu ya viwiko, povu limemfika kwenye kovu. Kadi ilikuwa imesimamishwa dirishani ikauke.

"Wenzangu wananiuliza yule bwana alisema nini," Bibi akasema. "Nami nilikuwa naitazama glasi."

"Alisema samahani, Bibi."

"Alimwambia nani?"

Mama Chai aliitazama ile kadi dirishani.

"Alisema tu," akajibu.

Bibi akasuuza kikombe, akakifudikiza kwenye trei, akachukua kingine.

"Haya," akasema. "Na kesho tunaanza saa ngapi?"

Mama Chai akamwambia. Kisha akachukua kitambaa, akasimama kando yake, akaanza kukausha.